Usipande kwa sababu jirani amepanda: namna ya kuamua siku ya kupanda shamba la nyumbani

Haya ni mazungumzo ya afisa wa kilimo wa nyanjani na wakazi waliokusanyika barazani katika Kaunti Ndogo ya Ganze, Kaunti ya Kilifi, kabla ya mvua ndefu kuanza. Tumeyachapisha pamoja na maswali matatu yaliyoulizwa na wakazi.

Najua kila mmoja wenu ameacha kazi nyumbani, kwa hivyo sitazunguka.

Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Februari, swali ninaloulizwa njiani, sokoni, hata msibani, ni hili moja: "Bwana kilimo, tupande lini?" Wengi hutaka niwape tarehe. Leo sitawapa tarehe, ila nitawapa namna ya kuipata wenyewe, kila mtu kwa shamba lake, maana mvua inayonyesha kwa jirani si lazima inyeshe kwako.

Nianze na kosa langu. Nilipokuwa afisa mpya, mvua ilinyesha usiku mmoja mwishoni mwa Machi. Asubuhi nikapanda pikipiki, nikazunguka vijiji nikiwaambia akina mama, "Mvua imeingia, pandeni." Walipanda. Mahindi yakachipuka vizuri, kijani kitupu. Kisha mvua ikakatika kwa karibu wiki tatu. Jua likapiga, majani yakajikunja kama sigara, yakakauka. Mama mmoja akaja ofisini akiwa na pakiti tupu ya mbegu mkononi. Hakunigombeza. Aliiweka mezani, akasema, "Mwanangu, ya kwanza imekufa. Ya pili nimekopa. Ya tatu utaninunulia wewe?"

Sikuwa na jibu. Ninayowaambia leo ndiyo niliyopaswa kumwambia siku ile.

Methali mbili zinazovutana

Wahenga walisema, "Haraka haraka haina baraka." Wahenga hao hao wakasema, "Chelewa chelewa, utapata mwana si wako." Kwenye kupanda, zote mbili ni kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Ukipanda mapema mno, unapoteza mbegu. Mbegu ya mahindi ikishanyonya maji ikachipuka, hairudi nyuma. Mche mchanga una mizizi mifupi, na juu ya udongo unyevu hupotea haraka. Jua letu la Machi huweza kunyonya kama milimita nne au tano za maji kwa siku kutoka kwenye udongo uliolowa. Mvua ya milimita nane, hata ikipiga kelele namna gani juu ya mabati, baada ya siku mbili ni kama haikuwahi kunyesha.

Ukichelewa, unapoteza mavuno kwa njia tatu. Kwanza, mvua itakatika mahindi yakiwa yanatoa maua. Pili, wadudu watakukuta. Dumuzi wa mashina na viwavijeshi vamizi, ambao Kenya iliwaona mwaka 2017, huzaliana kwenye mashamba yaliyotangulia, kisha wakahamia kwa aliyechelewa, akiwa na mahindi machanga na malaini. Tatu, utakosa mbolea ya bure. Udongo uliokaa mkavu kwa miezi ukipata maji, vijidudu vilivyomo huamka na kuozesha mabaki ya majani na mizizi, na naitrojeni nyingi ikatoka kwa muda mfupi. Jambo hili lilichunguzwa miaka ya 1950 hapa hapa Kenya, katika kituo cha utafiti cha Muguga. Mahindi yaliyopo shambani wakati huo yanakula. Ukichelewa, sehemu ya chakula hicho inachukuliwa na magugu, na nyingine inazama chini na maji.

Kwa hivyo msishindane nani atapanda kwanza, wala msikae mkingoja majirani wamalize. Kila mmoja ajiulize maswali matatu: Je, mvua imeingia kweli? Je, udongo umelowa? Je, siku zilizobaki zitatosha?

Swali la kwanza: mvua imeingia kweli?

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu si mvua, na mvua moja si msimu. Wataalamu wengi hutumia kipimo hiki: msimu umeanza pale mvua inapofika milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu, bila kufuatwa na kiangazi kirefu. Sehemu ya kwanza unaweza kuipima mwenyewe. Ya pili ni lazima usikilize utabiri, nitaifikia.

Milimita 20 ni kiasi gani? Ni sawa na kumwaga mtungi mmoja wa lita 20 juu ya kila mita moja ya mraba ya shamba lako. Mtungi mzima, si kikombe.

Kuipima hakuhitaji pesa. Chukua mkebe wenye ubavu ulionyooka, mdomo na kitako vyenye upana sawa. Uweke mahali pa wazi, mbali na mti na mbali na paa, juu ya kigingi ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie. Ufunge vizuri usiangushwe na mbuzi. Kila asubuhi, saa ile ile, ingiza rula, soma, andika, kisha mwaga. Kama huna rula, tumia kidole gumba: upana wa kidole gumba cha mtu mzima ni karibu milimita 20. Jumlisha siku tatu. Maji yasipofika upana wa kidole gumba, mbegu ibaki ndani ya nyumba.

Na dalili za wazee? Mimi sizidharau. Wazee wa hapa wanajua kwamba kaskazi ikilegea na kusi ikaanza kushika, mvua ndefu iko njiani, na hilo ni sahihi kabisa, kwa sababu upepo wa kusi ndio unaoleta unyevu wa bahari katika msimu huu. Lakini upepo unakuambia msimu unakaribia, haukuambii kama shamba lako limelowa. Mzee akisema "iko karibu", tayarisha jembe. Mkebe ukifika kidole gumba, ndipo uguse mbegu.

Swali la pili: udongo umelowa?

Baada ya mkebe, chimba. Nenda katikati ya shamba, si chini ya mwembe wala kando ya nyumba ambako maji ya paa humwagika. Chimba hadi kina cha shubiri moja. Chukua udongo wa kule chini, uufinyange mkononi. Ukishikana na kuacha unyevu kiganjani, vizuri. Ukimwagika kama unga, subiri. Rudia sehemu mbili au tatu, kwa maana shamba moja linaweza kuwa na udongo wa namna mbili.

Wenye udongo wa mchanga, maji kwenu huzama haraka na kina, lakini pia hukauka haraka. Mkishapata unyevu wa shubiri moja, msikae siku tano. Wenye udongo mzito mweusi, mvua ile ile itawalowesha kwa kina kidogo zaidi, lakini ikishalowa, inashika. Ninyi mnaweza kungoja mvua ya pili bila hasara kubwa. Pia msiingie shambani udongo ukiwa tope. Ukikanyagwa hivyo unajifunga, na mizizi haipiti.

Kumbukeni: shamba linalochimbwa baada ya mvua kuingia tayari limechelewa. Mvua iikute ardhi imelimwa, mistari au mashimo ya zai yako tayari. Mwenye shamba tayari anapanda siku moja baada ya kidole gumba. Asiye tayari anapanda wiki mbili baadaye, kisha analaumu mvua.

Swali la tatu: siku zilizobaki zitatosha?

Hapa ndipo wengi tunapoanguka. Tunauliza mvua inaanza lini, hatuulizi inakwisha lini.

Mahindi huvumilia mengi, lakini hayavumilii kiu wakati wa kutoa mbelewele na nywele. Hali hiyo hufika kama siku 55 baada ya kupanda kwa aina zetu nyingi za hapa, na wiki mbili kabla yake na mbili baada yake ndizo za hatari. Kiu ikiingia hapo, unavuna bunzi lenye meno machache kama mdomo wa mtoto. Kwa hivyo hesabu siku kuanzia siku ya kupanda, tuseme 55, uone zinaangukia wapi.

Tufanye mfano. Ukipanda tarehe 10 Aprili, maua yatatoka karibu tarehe 4 Juni. Mvua ndefu hapa kwetu kwa kawaida hukolea Mei, na Juni bado kuna unyevu. Una nafasi nzuri. Ukipanda mahindi hayo hayo tarehe 10 Mei, maua yatatoka karibu tarehe 4 Julai. Aliye karibu na bahari, kule ambako manyunyu huendelea hadi Julai, anaweza kuponea. Aliye huku bara, mvua mara nyingi imekwisha. Anavuna majani ya ng'ombe.

Je, aliyefika tarehe 10 Mei bila kupanda akunje mikono? La. Abadili mbegu. Ndengu aina ya N26 hukomaa kwa miezi miwili na siku chache tu, na maua yake hutoka mapema zaidi kuliko ya mahindi. Kunde pia huvumilia, na majani yake unaanza kuyachuma baada ya wiki tatu au nne. Mihogo inapata muda wa kushika mizizi kabla ya kiangazi. Ukichelewa, usilazimishe mahindi kwa sababu tu moyo unataka sima.

Kwa waliopanda kwa wakati, someni pakiti. Mbegu za mahindi zilizotengenezwa kwa ajili ya Pwani, kama PH4, huchukua miezi mitatu hadi minne. Usichukue mbegu ya nyanda za juu kwa sababu shemeji yako wa Kitale anavuna magunia mengi. Kule mahindi hukaa shambani miezi sita au zaidi. Mvua yetu haina subira hiyo.

Utabiri wa hali ya hewa: usikilize vizuri

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa msimu kabla ya mvua ndefu za Machi hadi Mei na kabla ya mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba. Hutoa pia wa mwezi, wa wiki na wa siku. Utabiri wa msimu hutaja mambo manne: mvua inatarajiwa kuanza wiki gani, itakwisha wiki gani, itakuwa nyingi au chache kuliko wastani, na itagawanyika vipi.

Wengi tunasikia la tatu pekee. Redio ikisema "mvua juu ya wastani", tunashangilia. Lakini mvua nyingi inaweza kumwagika siku sita kisha ikaondoka, na mahindi yakafa kwa kiu katika msimu "mzuri". Na mvua chache iliyogawanyika vizuri inaweza kuwapa ndengu na kunde za kutosha. Sikilizeni mgawanyo na siku ya kukoma.

Utabiri si ahadi. Unasema lipi lina uwezekano mkubwa zaidi. Mmeona wenyewe: kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua iliangusha maeneo kame ya nchi hii. Kisha vuli ya 2023 ikaja El Niño, na mto Sabaki ukavunja kingo. Mtu aliyekuwa akifuata kalenda ya babu yake peke yake, miaka ile ilimtesa pande zote mbili.

Kwa hivyo tumieni hivi: utabiri wa msimu kuchagua mbegu, na utabiri wa wiki kuchagua siku. Mkebe umefika kidole gumba, udongo umelowa, na utabiri wa wiki unasema mvua inaendelea? Panda. Mkebe umefika, lakini utabiri unasema wiki kavu? Subiri ikiwa udongo wako ni mchanga.

Usiweke mayai yote kwenye kapu moja, wala mbegu zote kwenye mvua moja

Hata ukifanya yote haya, unaweza kukosea, kama nilivyokosea mimi. Shamba la nyumbani lina faida moja ambayo shamba la ekari 50 halina: liko mlangoni, na unaweza kuligawa.

Pakiti ya kilo mbili ya mahindi inatosha karibu sehemu moja ya tano ya ekari. Usiimalize siku moja. Panda nusu mvua ikishaingia, na nusu nyingine siku saba hadi kumi baadaye. Kiangazi kikija katikati, si mahindi yote yatakayokuwa katika hali moja. Mavuno ya juu kabisa huenda usiyapate, lakini hutalala njaa. Kati ya mistari weka kunde, kwa maana hufunika udongo na kupunguza jua linalonyonya maji.

Kabla ya yote, pima mbegu zako, hasa mlizohifadhi wenyewe. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye maji, zisikauke. Baada ya siku saba, hesabu zilizoota. Zikiwa 85 au zaidi, vizuri. Zikiwa 60, ongeza punje kwenye shimo. Zikiwa chini ya nusu, hizo ni chakula cha kuku. Ni afadhali kujua hayo jikoni mwezi Machi kuliko kuyajua shambani mwezi Aprili.

Maswali ya wakazi

*Mzee mmoja:* Sisi zamani tulipanda kavu, kabla ya mvua. Je, tulikosea?

Hapana mzee wangu, hamkukosea. Kupanda kavu kunafaa kwa udongo mzito na pale mvua inapotarajiwa kwa uhakika kiasi, wiki moja au mbili mbele. Siri yake ni kina. Badala ya sentimita tano, mbegu iende saba au nane, ili mvua ndogo isiifikie. Ikichipuka, ijue kwamba imepata mvua ya kweli. Anayepanda kavu na kufukia juu juu anawalisha kunguru na mchwa, au anadanganywa na manyunyu ya kwanza. Na usipande shamba lote kavu. Sehemu moja tu.

*Mama mmoja:* Nimeshapanda na mvua imekatika. Miche ina majani matatu. Ning'oe?

Usiing'oe, mama. Asubuhi na mapema ndiyo saa ya kuitazama, si mchana. Majani yanayojikunja mchana na kufunguka usiku bado yako hai. Palilia magugu yote, kwa sababu kila gugu ni mdomo unaokunywa maji yako, kisha tandaza nyasi kavu kati ya mistari. Ikiwa hata alfajiri majani hayafunguki na yamekuwa ya kijivu, hapo anza kutayarisha ndengu kwa mvua itakayofuata.

*Kijana mmoja:* Na sisi tulio na kiwanja kidogo tu nyuma ya nyumba?

Wewe ndiye mwenye bahati zaidi, kijana wangu. Mchicha, kunde za majani na mnavu huhitaji mitungi michache tu kwa siku, na maji uliyooshea mboga au mchele yanatosha kusaidia. Anza kitalu wiki mbili kabla ya mvua, mvua ikiingia uhamishe. Mchicha wenyewe unachuma baada ya wiki tatu au nne. Msimu wa njaa huwa Aprili na Mei, mahindi yakiwa bado machanga, na hapo ndipo sahani ya mboga kutoka nyuma ya nyumba inapookoa pesa ya sokoni.

La mwisho

Nunueni daftari la shilingi chache. Andikeni kila siku mkebe ulisoma nini, mlipanda lini, mbegu gani, maua yalitoka lini, mlivuna debe ngapi. Baada ya misimu mitatu au minne mtakuwa na utabiri wa shamba lenu ambao hakuna redio inayoweza kuwapa, na mimi nitakuja kuwauliza ninyi.

Yule mama wa pakiti tupu bado ni mkulima wangu. Mkebe wake uko juu ya kigingi cha mkoko mbele ya nyumba, na kila msimu ananipigia simu kuniambia umefika wapi. Msimu mmoja nilimwambia, "Mama, mbona hujapanda? Majirani wote wamepanda." Akanijibu, "Kidole gumba hakijafika." Alipanda siku nane baada yao, na yeye ndiye aliyevuna.

Mvua ikija, itukute tuko tayari.